Kitabu cha uyoga kipime kwa uyoga unaoujua

Ukitaka kujua kama kitabu cha kutambulia uyoga kinafaa, acha kwanza jalada na idadi ya picha. Nenda kwenye faharasa, tafuta uyoga mmoja unaoujua vizuri kabisa, ule ambao huwezi kuukosea hata ukiwa umelowa mvua na nusu yake imeliwa na konokono, kisha soma ukurasa wake bila haraka. Je, ulioelezwa pale ndio unaoujua? Mwandishi ametaja unavyoonekana ukiwa mchanga na unavyoonekana ukizeeka? Ametaja harufu yake, mahali unapoota, na mwingine unaofanana nao? Au amekuandikia mistari mitatu ambayo ingeweza kuwa ya uyoga wowote mweupe chini ya jua? Hapo wewe ndiwe mjuzi, na kitabu ndicho kinachofanya mtihani. Kikianguka kwenye uyoga unaoujua, huna sababu ya kukiamini kwenye usioujua.

Watu wanaoanza kupenda uyoga wa porini huniuliza ni kitabu gani kilicho bora kuliko vyote. Nimeacha kujibu kwa jina moja, maana kitabu kinachomfaa mtu mmoja kinaweza kumpoteza mwenzake anayeishi bara jingine. Ninachoweza kutoa ni namna ya kupima. Mimi hukishika kitabu nikijiuliza: hiki kinaniharakisha au kinanichelewesha? Kuna vitabu vinavyokutoa kwenye uyoga ulio mkononi hadi kwenye jina kwa kutazama picha moja tu, na unakifunga kitabu ukiwa umeridhika. Na kuna vingine vinavyokurudisha nyuma kila mara: geuza kofia, chimba shina lote, nusa, kata, subiri hadi kesho. Vya aina ya pili ndivyo ninavyovinunua.

Ukali wangu una sababu, nayo ni Amanita phalloides, uyoga ambao wengi huuita kofia ya kifo. Huu ndio unaosababisha vifo vingi zaidi vya sumu ya uyoga duniani. Sumu zake, amatoksini, haziondoki kwa kuchemsha, kwa kukaanga wala kwa kukausha. Aliyeula hukaa saa 6 hadi 12 bila dalili, pengine zaidi, halafu hutapika na kuharisha vibaya sana. Baadaye hupata nafuu, akadhani yamekwisha, kumbe ini linaendelea kuharibika kimya kimya. Wapo ambao hawaponi bila kupandikizwa ini jingine. Na waliowahi kuula wakapona husema ulikuwa mtamu.

Kwa hiyo kitabu kikisema, popote pale, kwamba uyoga wenye sumu huifanya fedha kuwa nyeusi, au kwamba ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba ukimenyeka ngozi ya kofia basi unaliwa, kirudishe rafuni. Konokono hula kofia ya kifo bila kudhurika. Ngozi yake humenyeka vizuri tu. Hakuna kanuni hata moja ya mkato inayotenganisha uyoga unaoliwa na unaoua, na mwandishi ambaye bado anasambaza kanuni za namna hiyo hajafanya kazi yake. Sijali kurasa nyingine zimependeza kiasi gani.

Kuna jambo moja ambalo naona halizungumzwi vya kutosha, nalo ni ukimya wa kitabu. Kitabu chenye spishi 100 hakiwezi kukuambia kwamba uyoga ulioushika haumo ndani yake. Kitakaa kimya tu, na wewe utapekua hadi upate unaokaribiana nao, halafu utauita kwa jina hilo. Akili ya binadamu haipendi kurudi mikono mitupu. Ukishaipenda picha, unaanza kusamehe: rangi imepauka kwa sababu ya jua, pete ya shina haipo kwa sababu imedondoka, kitabu kinasema huota kwenye udongo lakini labda kuna mzizi chini. Kila udhuru ukiwa peke yake una maana. Ukiunganisha udhuru tatu, umeshatoka kwenye uyoga mmoja na kuingia kwenye mwingine kabisa.

Tena pengo lenyewe ni kubwa mno. Mwaka 2017 wanasayansi David Hawksworth na Robert Lücking walikadiria kwamba duniani kuna spishi za kuvu, kundi la viumbe ambalo uyoga ni sehemu yake, kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8, wakati zilizokuwa zimetambuliwa kisayansi zilikuwa kama 120,000. Nyingi ni ndogo zisizoonekana kwa macho, na hazitoi uyoga kamwe. Hata hivyo, hata ukibaki na zile kubwa zinazookotwa msituni, kitabu cha mfukoni hubeba sehemu ndogo tu ya zilizopo katika eneo lolote. Mwandishi mwaminifu hulisema hilo mwanzoni: kitabu hiki kina spishi kadhaa, eneo hili lina nyingi zaidi, na kila ukurasa nitakutajia majirani ambao sikuwawekea picha. Hayo maneno machache ya utangulizi, ambayo wasomaji wengi huyaruka, hunieleza mambo mengi kuhusu mtu aliyeandika.

Sasa picha. Najua ndizo zinazouza vitabu hivi, na sisemi hazina kazi. Lakini picha moja ni uyoga mmoja, siku moja, kwenye mwanga mmoja. Chukua Amanita muscaria, ule mwekundu wenye madoa meupe ambao hata mtoto anaujua kutoka kwenye michoro ya hadithi. Yale madoa ni mabaki ya ngozi iliyoufunika ukiwa mchanga, na mvua kubwa huyaosha yakaisha. Wekundu nao hupauka kwa umri na jua ukawa rangi ya chungwa, hata manjano. Mtu aliyejifunza kwa picha moja iliyokamilika atapita mbele ya ule ulioosheka asiutambue, au, kwa ubaya zaidi, atauita jina la mwingine.

Ndiyo maana natafuta ukurasa unaoonyesha uyoga katika hali zaidi ya moja: mchanga, uliokomaa, uliopinduliwa, na uliokatwa katikati kutoka juu hadi chini. Ule mkato wa katikati una thamani kubwa. Unaonyesha kama shina lina tundu ndani au limejaa, kama nyama hubadilika rangi ikiguswa na hewa, na jinsi matamvua, yaani yale matabaka membamba yaliyopangana chini ya kofia, yanavyoshikana na shina au kuliachia. Picha nzuri ya msituni iliyopigwa kutoka juu, jani la kijani pembeni na ukungu nyuma, haikuonyeshi hata kimoja kati ya hivyo. Inafaa kutundikwa ukutani.

Kuna mabishano ya zamani kati ya wapenda picha za kamera na wapenda michoro ya mkono. Mimi, nikilazimishwa, kwa mtu anayeanza nitachagua michoro iliyofanywa na mtu anayejua uyoga. Mchoraji mzuri ameona mamia ya uyoga wa aina moja na anachora kile kinachojirudia, huku akiacha yale ya bahati nasibu ya uyoga mmoja. Kamera haichagui. Ila picha za kamera zilizopigwa studio, uyoga wa umri mbalimbali umelazwa kwenye karatasi isiyo na mapambo, hunipa karibu faida ileile, na rangi zake huwa za kuaminika zaidi. Jambo la kuangalia ni kama uchapaji umezitunza rangi hizo. Rudi kwa ule uyoga wako unaoujua. Kama kwenye ukurasa umeegemea bluu au umekuwa mwekundu kuliko ulivyo, basi na mingine yote kitabuni imeegemea vivyo hivyo.

Baada ya picha, soma maandishi, na hapa usikubali kuharakishwa. Maelezo mazuri hutoa vipimo kwa mpaka wa chini na wa juu, husema "kwa kawaida" na "mara chache" pale inapostahili, na hutenganisha kwa wazi alama zinazobadilikabadilika na zile zisizobadilika. Rangi ya kofia ni ya kundi la kwanza. Rangi ya spora ni ya kundi la pili, na kama ningetakiwa kutaja kipengele kimoja ambacho kitabu kisipokuwa nacho nakiacha, ningetaja hicho.

Spora ni vumbi ambalo uyoga huzaliana kwalo. Moja moja hazionekani, lakini zikikusanyika zinaonyesha rangi. Kata shina, laza kofia juu ya karatasi matamvua yakitazama chini, nusu ya kofia ikiwa kwenye karatasi nyeupe na nusu kwenye nyeusi. Funika kwa bilauri upepo usiingie, acha usiku kucha. Asubuhi ukiinua kofia taratibu utakuta vumbi limejichora mstari kwa mstari kufuata matamvua. Hiyo ndiyo chapa ya spora. Chapa nyeupe haionekani kwenye karatasi nyeupe, ndiyo maana ya ile nyeusi. Itazame kwenye mwanga wa mchana, kwa kuwa taa ya manjano hugeuza krimu ikawa waridi.

Angalia kazi inayofanywa na vumbi hilo. Chlorophyllum molybdites ni uyoga mkubwa wa nchi za joto na nusu joto, huota kwenye nyasi fupi, mara nyingi kwa duara. Una magamba ya kahawia kwenye kofia nyeupe na pete inayosogezeka kwenye shina. Unafanana kwelikweli na Macrolepiota procera, ambao unaliwa na kupendwa sana, nao pia wenye magamba ya kahawia na pete inayosogezeka. Matamvua ya Chlorophyllum mchanga ni meupe kama ya mwenzake. Ukipima kwa macho tu, utabahatisha. Lakini spora za Macrolepiota ni nyeupe, na za Chlorophyllum ni kijani, rangi ambayo ni nadra sana kwa uyoga wenye matamvua. Aliyeula Chlorophyllum hutapika na kuharisha kwa saa nyingi, na Amerika Kaskazini huu ndio unaotajwa mara nyingi zaidi katika visa vya watu kudhurika na uyoga. Kitabu kinachoweka uyoga huu wawili kurasa arobaini mbali bila kumtuma msomaji kutoka mmoja kwenda kwa mwingine kimemwacha peke yake pale alipokihitaji zaidi.

Hii habari ya mfanano ndiyo kipimo changu kikuu. Neno "unafanana na" lifuatwe na tofauti zenyewe, zilizoandikwa kwa namna ambayo naweza kuzikagua nikiwa nimepiga magoti chini ya mti. Mfano: kantareli, uyoga wa jenasi ya Cantharellus, unafanana na Omphalotus, ambao huangusha mtu kwa kutapika. Kitabu dhaifu kitasema "usichanganye na Omphalotus" kisha kinyamaze. Kitabu kizuri kitasema kwamba chini ya kofia ya kantareli kuna mikunjo butu iliyotokana na nyama yenyewe, inayogawanyika na kushuka kwenye shina, wakati Omphalotus ana matamvua halisi, membamba yenye ncha kali. Kitaongeza kwamba kantareli huota kwenye udongo, mmoja mmoja au kwa kutawanyika, na Omphalotus huota kwa vichala kwenye mti au mzizi uliofukiwa. Kitakwambia ukate: nyama ya ndani ya kantareli ni nyeupe au ya manjano hafifu, ya Omphalotus ni rangi ya chungwa. Mambo matatu ya kukagua, na yote yanawezekana bila hadubini.

Jogoo wa shamba hawiki mjini. Msemo huu unakifaa kitabu cha uyoga kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Kitabu bora kabisa cha misitu ya Ulaya ya kaskazini ni hatari mikononi mwa mtu wa nchi za tropiki, na kinyume chake. Jenasi ya Termitomyces, uyoga unaolimwa na mchwa ndani ya vichuguu, hupatikana Afrika na Asia, na humo mna Termitomyces titanicus, uliopewa jina la kisayansi mwaka 1980 kutoka Zambia, ambao kofia yake huweza kufikia upana wa mita 1. Utautafuta bure katika kitabu cha Ulaya. Mwenye kitabu hicho atakachofanya ni kile nilichokieleza juu: ataupachika jina la jirani wa karibu.

Madhara ya kuhama na ujuzi wa kwingine yameshaonekana. Kofia ya kifo asili yake ni Ulaya, lakini ilisafiri ndani ya mizizi ya miti iliyopandikizwa, na leo ipo Amerika Kaskazini, Australia na Afrika Kusini. Huko Marekani na Australia wapo wahamiaji kutoka Asia waliodhurika na wengine kufa kwa kudhani wameokota Volvariella volvacea, uyoga wa mabua ya mpunga waliokulia nao. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na ujuzi wa kweli, wa mahali ambapo kofia ya kifo haikuwepo. Uyoga hao wawili wakiwa wachanga wote wamefungwa ndani ya ngozi yenye umbo la yai, na wakikua wote hubaki na kikombe chini ya shina. Kofia ya kifo ina pete, Volvariella hana. Chapa ya Volvariella ni ya rangi ya waridi, ya kofia ya kifo ni nyeupe. Kwenye hatua ya yai, pete haijatokea na spora hazijaanza kudondoka, kwa hiyo kitabu kinachoruhusu kuokota uyoga wa umbo hilo kwa macho tu kimevuka mpaka.

Basi kabla ya kununua, tafuta ramani au maneno yanayotaja eneo. Kichwa cha kitabu kinachosema "uyoga wa dunia" hunifanya nisite. Ni vizuri kukisoma nyumbani kwa kupanua akili, lakini msituni nataka kitabu cha mahali nilipo, hata kama karatasi yake ni duni na picha zake ni chache.

Umri wa kitabu ni suala jingine, na hapa watu huangalia upande usiostahili. Wengi huogopa kitabu cha zamani kwa sababu majina yamebadilika. Ni kweli yamebadilika: mwaka 2001 jenasi ya Coprinus iligawanywa kufuatia uchunguzi wa vinasaba, Coprinus comatus na wenzake wachache wakabaki, wengi wakahamia Coprinopsis, Coprinellus na Parasola. Jina la zamani si tatizo kubwa. Index Fungorum na MycoBank ni hazina za majina zilizo wazi mtandaoni. Ukiandika jina la zamani utapata la sasa. Kitabu kisicho na jina la Kilatini kabisa ndicho kisichofaa, kwa kuwa majina ya mitaani hurukaruka na jina moja huweza kubeba uyoga watatu.

Kinachonitisha katika vitabu vya zamani ni alama ya uma na kisu, ile inayomaanisha kwamba uyoga unaliwa. Paxillus involutus uliliwa kwa vizazi Ulaya na uliandikwa kuwa chakula. Mwaka 1944 Julius Schäffer, mtaalamu wa uyoga wa Ujerumani, alifariki baada ya kuula. Baadaye ikaeleweka kwamba mwili wa mtu aliyewahi kuula unaweza, siku moja bila onyo, kuanza kuharibu chembe zake wenyewe za damu. Tricholoma equestre nao ulisifiwa katika vitabu vya Ufaransa hadi mwaka 2001, watafiti walipochapisha habari za watu 12 waliokula milo ya kufuatana wakaharibika misuli, watatu kati yao wakafa. Na mwaka 2004 huko Japani Pleurocybella porrigens, uyoga mdogo mweupe uliokuwa ukiliwa kwa amani, ulihusishwa na vifo vya watu 17, wengi wao wakiwa tayari na maradhi ya figo. Kitabu cha miaka ya 1970 hakina kosa kwa kutojua hayo. Kitumie kwa umbo, kwa spora, kwa makazi. Kwa suala la kula, angalia mwaka wa toleo na utafute kilichoandikwa karibuni.

Hata alama mpya za uma na kisu sizipendi. Alama haina nafasi ya sharti. Moreli, uyoga wa jenasi ya Morchella, huliwa ukipikwa, na ukiwa mbichi hudhuru. Coprinopsis atramentaria huweza kuliwa bila tatizo, kisha mtu akinywa pombe, hata siku inayofuata, uso ukawaka na moyo ukaenda mbio. Utaonyesha vipi hayo kwa kipicha cha ukubwa wa ukucha? Tena jicho la mwenye njaa huishia kwenye kipicha, halishuki kwenye maandishi. Vitabu ninavyoviheshimu huandika sentensi kamili kuhusu kula, na haviogopi kuandika "haijulikani" pale isipojulikana. Ukiona kitabu ambacho kila uyoga umepata jibu, jiulize jibu hilo limetoka wapi.

Siku hizi inabidi kuuliza hata kama mwandishi yupo. Mwaka 2023 New York Mycological Society, chama cha wapenzi wa uyoga, kilionya hadharani dhidi ya vitabu vya uyoga vilivyouzwa mtandaoni vikiwa na kila dalili ya kuandikwa na akili mnemba. Jambo hili lilinikasirisha, na bado linanikasirisha, maana anayenunua kitabu cha bei nafuu ni yuleyule anayeanza na asiye na mtu wa kumuuliza. Dalili si ngumu. Jina la mwandishi halionekani popote nje ya kitabu hicho: hana makala, hana chama, hana sampuli alizowahi kuhifadhi katika makumbusho yoyote. Maelezo hayataji mahali wala msimu mahususi. Sifa zilezile zinajirudia kwa uyoga tofauti. Picha hazina mpigaji wala tarehe, na ukizikazia macho utaona matamvua yanayoungana ovyo au pete inayopotelea ndani ya shina. Kitabu cha kweli kimejaa shukrani kwa watu waliosaidia kukagua. Soma ukurasa huo wa shukrani. Majina ya wataalamu na taasisi yaliyomo unaweza kuyathibitisha.

Programu za simu zinazotaja uyoga kwa picha nazitumia kama mtu anavyotumia uvumi: zinanipa jina la kwenda kulitafuta kitabuni. Haziwezi kunusa wala kuchukua chapa ya spora, na ukiwa umepiga picha ya juu tu, nazo zimeona juu tu.

Kuhusu ukubwa sina mengi. Kizito kikae nyumbani, chepesi kiende msituni, na jalada listahimili unyevu. Nikiwa na fedha ya vitabu viwili, sitanunua viwili vinavyofanana. Cha kwanza kitakuwa cha picha na maelezo ya spishi za eneo langu. Cha pili kitakuwa chenye ufunguo wa utambuzi, yaani yale maswali ya jozi jozi: spora ni nyeupe au zina rangi, nenda namba 2 au namba 14, kuna kikombe au hakuna, na kuendelea. Ufunguo huchosha mwanzoni, nakubali, ila ndio pekee unaokulazimisha kutazama vitu ambavyo jicho lako halikuvichagua. Jaribu ufunguo nao kwa uyoga unaoujua kabla ya kulipa. Ukifika mahali unaulizwa umbo la spora chini ya hadubini kwenye swali la tatu, kitabu hicho ni cha maabara. Ukifika kwenye jina sahihi kwa macho, pua na chapa ya spora, umekipata.

Vitabu viwili vikipingana, usipige kura. Mara nyingi vinazungumzia spishi mbili tofauti chini ya jina moja, na hilo lenyewe ni jambo la kumpelekea mtu wa chama cha uyoga au wa idara ya mimea chuoni, ukiwa na uyoga mzima uliochimbwa na shina lake lote, chapa yake ya spora, na maandishi ya mahali na mti ulioota karibu nao. Wataalamu wengi hukasirishwa na picha ya kofia peke yake, lakini mkusanyo wa namna hiyo huupokea kwa furaha.

Mwisho, fungua sura ya sumu. Nataka iwe imepangwa kwa dalili na kwa muda: nini hutokea ndani ya dakika, nini ndani ya saa mbili, na nini baada ya saa 6. Tumbo likianza kusumbua baada ya saa 6 au zaidi, hiyo ni alama ya hatari kuliko lile linalosumbua mapema, na watu wengi huamini kinyume chake. Sura hiyo itaje pia Cortinarius orellanus na jamaa zake, ambao huharibu figo na dalili zake huweza kuchelewa hadi wiki 2 au 3, wakati mtu ameshasahau kwamba aliwahi kula uyoga. Na iseme la kufanya: kwenda hospitali hata kabla ya dalili ukishashuku, ukiwa umebeba mabaki ya uyoga, yaliyopikwa au mabichi, hata maganda yaliyotupwa. Kama kitabu kimekidhi mengine yote na sura hii hakina, kinunue, kisha kwenye karatasi tupu ya mwisho andika kwa kalamu isiyofutika namba ya simu ya kituo cha sumu cha nchi uliyopo.